Nani Atie Saini Kabla Rekodi za Simu Yako Hazijatolewa?

Polisi wakija kupekua nyumba, utaratibu wake unajulikana na kila mtu mtaani. Mjumbe anaitwa. Mwenye nyumba anasimama pale pale, anaona kila kabati linavyofunguliwa na kila godoro linavyoinuliwa. Kikichukuliwa kitu, kifungu cha 38 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka iandikwe stakabadhi, itiwe saini na mwenye nyumba pamoja na mashahidi. Mawakili wa jinai wanaijua vizuri stakabadhi hiyo, kwani si rufaa moja wala mbili zilizoshinda kwa sababu haikuandikwa.

Rekodi za simu zinapochukuliwa, hakuna anayepiga hodi. Barua inatoka kituoni, inafika kwenye kampuni ya simu, orodha inatolewa, na mwenye namba wakati huo yuko dukani kwake anahesabu chenji. Huenda asijue maisha yake yote. Watu tunaokutana nao kwenye mafunzo hushangazwa na hili kuliko jambo lingine lolote, maana wengi wanaamini kwamba kuna hakimu mahali fulani katikati. Kwa upelelezi wa kawaida hapa Tanzania, sheria haimlazimu askari aanzie kwa hakimu.

Kilichomo ndani ya rekodi

Mtu akisikia kwamba serikali inafuatilia mawasiliano, anamfikiria ofisa aliyevaa vipokea sauti masikioni akisikiliza maongezi. Hilo linawezekana, lakini ni kazi ghali na inakula muda wa watu. Kinachoombwa zaidi ni orodha tu: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, tarehe, saa, muda wa maongezi, namba ya utambulisho wa simu yenyewe (ile IMEI inayoonekana ukibonyeza *#06#), na mnara uliohudumia simu hiyo. Maneno hayamo. Kwa sababu maneno hayamo, watu huona kwamba hakuna kubwa lililotolewa.

Tuchukue mfano wa kubuni, mama anayeuza samaki soko la Feri, Dar es Salaam. Saa 10:40 alfajiri simu yake iko kwenye mnara wa Mbagala. Saa 11:35 iko Kivukoni. Saa 4 asubuhi anapiga namba ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, dakika 6. Akikata tu, anampigia dada yake aliyeko Tanga, dakika 31. Mchana anapiga namba ya ofisi ya wakili, mara mbili. Jumapili asubuhi simu iko kwenye mnara ulio jirani na kanisa fulani, na Jumatano usiku iko Kigamboni mpaka kunakucha, ilhali nyumbani kwake ni Mbagala. Hakuna aliyesikia hata neno moja. Lakini anayesoma orodha hiyo ameshajua, au anadhani ameshajua, ugonjwa wake, dini yake, kwamba ana jambo la kisheria, na kwamba kuna mahali analala ambapo si kwake.

Nasema "anadhani" kwa makusudi. Mnara unahudumia eneo pana, na simu inayoonekana Kivukoni inaweza kuwa ndani ya pantoni. Kisha kuna suala la laini zenyewe. Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, kila laini imefungwa kwenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ya mtu. Ulikuwa mpango mzuri dhidi ya matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Lakini nani hajawahi kumsajilia laini mjomba wake wa kijijini aliyekuwa bado hajapata namba ya NIDA? Na wako mawakala wa chini ya mwavuli wanaokuambia kidole hakijasoma, weka tena, kumbe kidole cha pili kimeshasajili laini nyingine utakayoisikia siku ukiitwa kituoni.

WhatsApp nayo inaulizwa sana. Tangu 2016 ujumbe wake unafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya unayemwandikia, hivyo kampuni ya simu haiwezi kuusoma njiani. SMS ya kawaida haina kinga hiyo. Hata kwa WhatsApp, nani anaandikiana na nani na saa ngapi ni taarifa ambazo wenye programu wanazo, na kufungwa kwa ujumbe hakukusaidii kitu ikiwa simu yenyewe imeshachukuliwa mkononi mwako ikiwa wazi.

Saini ya mkuu wa kituo

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Ibara hiyo hiyo inaruhusu sheria ziweke utaratibu wa haki hii kuingiliwa. Kwa hiyo hakuna anayesema serikali isitazame kabisa. Ubishi wote uko kwenye utaratibu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 32, inasema data zikihitajika kwa upelelezi wa jinai, mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa dola wa ngazi kama yake, anaweza kutoa amri kwa yeyote aliye nazo azitoe. Mahakama inaingia pale njia hiyo inaposhindikana. Anayepeleleza, basi, ndiye anayejiidhinishia.

Sasa fungua Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, kifungu cha 31. Polisi anayetaka kunasa mawasiliano ya mshukiwa wa ugaidi anatakiwa kwanza apate ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha aende mahakamani kuomba amri. Kwa kosa zito kuliko karibu yote, milango miwili. Kwa mtu aliyeandika maoni makali kuhusu kampuni ya mafuta, saini moja ya mkuu wa kituo. Wanasheria wa Serikali watajibu kwamba kifungu kimoja kinahusu kunasa maongezi na kingine kinahusu data zilizokwisha kutunzwa, na kisheria wako sahihi. Ila rudi kwa yule mama wa Feri uone tofauti hiyo ina uzito gani kwake.

Jambo hili lilishafika mahakamani. Polisi walimwandikia mwendeshaji wa mtandao wa JamiiForums, Maxence Melo, wakitaka taarifa za kuwatambulisha wachangiaji walioandika kwa majina ya kubuni. Hakuzitoa. Kampuni yake ikaenda Mahakama Kuu mwaka 2016 kupinga vifungu vya Sheria ya Makosa ya Mtandao, kikiwemo cha 32. Machi 2017 Mahakama ikakataa kukitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Melo mwenyewe alikamatwa Desemba 2016 na kushtakiwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa mashauri zaidi ya moja, likiwemo la kuzuia upelelezi. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika moja ya mashauri hayo, akapewa faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka 1.

Maoni yangu kuhusu shauri hilo ni kwamba kilichokosekana hakikuwa ushujaa wa mtu wala nia ya polisi kupeleleza. Alikosekana mtu wa tatu wa kuuliza maswali mawili: kosa lenyewe ni lipi, na taarifa hizi zinahitajika kweli kulithibitisha? Mkuu wa kituo hawezi kujiuliza maswali hayo kwa niaba ya mchangiaji aliyejificha nyuma ya jina la kubuni, hata awe mwadilifu namna gani. Ana jalada mezani na mkubwa wake anataka majibu.

Ukubwa wa jambo lenyewe hauonekani kirahisi, kwa sababu kampuni nyingi hazitangazi idadi ya maombi zinayopokea. Mwaka 2014 Vodafone ya Uingereza, kampuni mama ya Vodacom, ilitoa ripoti kuhusu nchi inakofanya kazi. Kwa Tanzania, maombi ya rekodi za mawasiliano katika mwaka huo mmoja wa hesabu yalikuwa 98,765. Hiyo ni kampuni moja, wakati ambapo sensa ya miaka miwili nyuma ilikuwa imetuhesabu watu wapatao milioni 45. Sehemu kubwa ya maombi hayo bila shaka ilihusu wizi wa simu, utapeli wa pesa za mtandaoni na watu waliopotea. Lakini mkuu wa kituo akiulizwa ni mangapi yalikuwa ya haki na mangapi yalikuwa ya mtu kumfuatilia mkewe, atajibu kwa kutumia daftari gani?

Wengine wamefanyaje

Nchini Marekani, Timothy Carpenter alishtakiwa kwa msururu wa uporaji wa maduka Michigan na Ohio, mengi yakiwa, kwa kejeli ya dunia, maduka ya simu. Wapelelezi walichukua rekodi za minara za siku 127, zenye alama 12,898 za mahali alipokuwa. Walikuwa na amri ya hakimu, ila ya kiwango cha chini kuliko hati kamili ya upekuzi. Juni 2018 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilisema hiyo haitoshi: kufuatilia nyendo za mtu kwa namna hiyo ni upekuzi, na upekuzi unahitaji hati yenye sababu za msingi. Carpenter hakuachiwa, kwani mahakama ya chini ilishikilia hukumu yake kwa kuwa wapelelezi walikuwa wamefuata sheria ya wakati ule kwa nia njema. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaohofia kwamba kudai hati ya hakimu ni kuwafungulia wahalifu milango.

Jirani zetu Kenya wana Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inayolinda faragha ya mawasiliano, na Sheria yao ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inampeleka polisi mahakamani kuomba amri ya kutolewa data. Kwenye karatasi wametupita. Lakini mwaka 2017 shirika la Privacy International la London lilitoa ripoti ikieleza kwamba idara ya ujasusi ya Kenya ilikuwa na njia ya moja kwa moja ndani ya mitandao ya simu, na kwamba maofisa wa usalama walikuwa wakikaa ndani ya kampuni hizo. Mwaka huo huo Mamlaka ya Mawasiliano ilizitaka kampuni ziunganishwe na mtambo wake wa kubaini simu bandia. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani akidai mtambo huo ungeweza kuchungulia rekodi za wateja. Mahakama Kuu ikauzuia mwaka 2018, Mahakama ya Rufaa ikatengua uamuzi huo Aprili 2020, na shauri likaendelea hadi Mahakama ya Juu. Ukishakuwa na waya wa kudumu uliochomekwa ndani ya mtambo, hakimu wa kutia saini anakuwa hana cha kusaini, kwa kuwa hakuna ombi linalopelekwa.

Ninachopendekeza kwa kifungu chetu cha 32 si kigeni. Ombi la rekodi liende kwa hakimu wa wilaya, likitaja kosa, namba na tarehe zinazohitajika. Mtoto akitekwa usiku wa manane, polisi wachukue kwanza, kisha wajieleze kwa hakimu ndani ya saa 48. Na mwenye namba ajulishwe upelelezi ukiisha, hata kama ni baada ya mwaka.

Unachoweza kufanya leo

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa kampuni husika ifutwe, na usitoke bila uthibitisho.

Kama unaendesha tovuti, hosteli, intaneti kafe au ofisi ndogo yenye taarifa za wateja na ukaletewa amri ya polisi, usiipokee kwa mdomo. Iwe ya maandishi, ina jina na cheo cha aliyetia saini, namba ya jalada na kifungu kinachotumika. Toa kilichotajwa, usimpe mtu flashi yenye kila kitu kwa kuwa tu ana haraka. Baki na nakala. Na kwa kuwa kukaidi amri halali ni kosa, usikatae kwa hasira zako. Mwite wakili siku hiyo hiyo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kuuliza ni taarifa zako zipi zinazoshikiliwa na nani. Ina misamaha mipana kwa usalama wa taifa na upelelezi wa makosa. Mwezi Mei 2024 Mahakama Kuu iliona baadhi ya vifungu vya sheria hiyo havina uwazi wa kutosha na kuitaka Serikali ivirekebishe. Hata hivyo itumie kama ilivyo. Iandikie kampuni yako ya simu barua, taja namba yako, uliza wanatunza rekodi zako kwa muda gani, na kama zimewahi kutolewa kwa chombo chochote, lini na kwa kifungu kipi. Pengine watakujibu kwamba sehemu ya mwisho hawaruhusiwi kuijibu. Omba jibu hilo liwe la maandishi, kwa sababu ndilo utakaloliambatisha kwenye malalamiko yako kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.