Kompyuta ya Hospitali Moja Haisomi Faili la Nyingine

“Siku hizi kila kitu kiko kwenye kompyuta, daktari ataona mwenyewe.” Kauli hii utaisikia kwenye mabenchi ya wagonjwa hospitali za Dar es Salaam: Temeke, Amana, Mwananyamala. Mama anapewa rufaa ya Muhimbili, anaacha vyeti nyumbani Mbagala, akiamini kadi ya bima itafungua historia yake yote.

Haifungui. Kadi inathibitisha uanachama ili matibabu yalipiwe. Historia yako hubaki kwenye mfumo wa kituo kilichokutibu, na mifumo ni mingi: vituo vingi vya serikali vinatumia GoT-HoMIS, mfumo wa serikali wa kuendesha hospitali, hospitali binafsi zina programu zao.

Wengi hudhani kinachokosekana ni intaneti. Intaneti hubeba taarifa tu, haizifanyi zieleweke. Chukua sukari ya damu. Maabara moja inaandika 7 kwa milimoli, nyingine inaandika 126 kwa miligramu, na ni kiwango kilekile. Hiyo 7 ikipokelewa kana kwamba ni miligramu, mgonjwa ataonekana yu mahututi kwa sukari kushuka mno! Ndiyo maana kuna viwango vya pamoja, yaani kanuni za mifumo kuandika taarifa kwa namna moja, kama FHIR cha kupanga taarifa na ICD cha kuainisha magonjwa. Lazima pia mfumo utofautishe wagonjwa wenye jina moja, na uheshimu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kwa hiyo mama, ukienda Muhimbili beba barua ya rufaa, majibu ya vipimo na pakiti za dawa unazotumia. Na kama kuna dawa inayokudhuru, itaje kabla hujaulizwa.