Kabla Hujajitolea Katika Utafiti wa Chakula na Sonona

Wanaoniuliza kuhusu kujitolea katika tafiti za lishe na maradhi ya hisia, hususan sonona (huzuni nzito isiyoisha) na baipola (hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi), aghalabu hutaka kujua kwanza iwapo watapona. Nikiwa mtaalamu wa lishe, huwajibu kwamba utafiti hutafuta jibu ambalo bado halijapatikana, na kwamba anayejitolea anaweza kuangukia, kwa kura, katika kundi ambalo chakula chake hakibadilishwi hata kidogo.

Ndivyo ilivyokuwa Australia katika jaribio la SMILES, ambalo timu ya mtafiti Felice Jacka ilichapisha matokeo yake mwaka 2017. Watu wazima 67 wenye sonona, wengi wao wakiwa tayari kwenye matibabu, waligawanywa kwa wiki 12: baadhi walielekezwa kula mboga, kunde, samaki, nafaka zisizokobolewa na mafuta ya zeituni, na wengine wakapata mtu wa kuzungumza naye tu. Takriban asilimia 32 ya kundi la chakula walipata nafuu kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa wagonjwa, ilhali katika kundi la mazungumzo walikuwa asilimia 8. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini watu walikuwa wachache, na chakula hakifichiki kama kidonge: mshiriki anajua anachokula, na matumaini peke yake yanaweza kumpa mtu nafuu. Tena sisi tunapika kwa nazi, si kwa zeituni, kwa hiyo sioni namna ya kulihamishia jibu hilo Unguja na Pemba bila ya kulipima hapa.

Kupima hapa kuna ugumu wake, na mgumu kuliko yote ni sinia. Wali ukishapakuliwa, samaki na mchuzi vikawekwa katikati, watu watano wakakaa na kula kwa mkono, nani atasema mmoja wao amekula gramu ngapi? Mtafiti makini atamwomba mshiriki ajipakulie sehemu yake pembeni na kuipima kabla ya kuila, jambo ambalo nyumbani huonekana kama kujitenga, basi ni vyema familia ielezwe mapema. Ukila biriani ya harusini, iandike. Kinachoharibu utafiti si biriani hiyo, bali ni biriani iliyofichwa kwa kumwonea haya mtafiti.

Kabla ya kutia saini, ulizia kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar, na uhakikishe kwamba unaweza kujitoa wakati wowote bila ya kupoteza huduma yako kliniki.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni dawa. Usiache wala kupunguza dawa kwa sababu umeanza kula vizuri. Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, ajihadhari hasa, kwani akipunguza chumvi ghafla, au akipungukiwa na maji mwilini kwa kufunga siku za joto, figo huishikilia dawa hiyo na kiwango chake katika damu hupanda, hata mikono ikatetemeka, akatapika au akachanganyikiwa. Kwa hiyo daktari wako aione ratiba ya chakula cha utafiti kabla hujaianza, na kama utafiti utaingia Ramadhani, apange mapema lini damu itapimwa tena.