Je, wajua kwa nini mbwa hupigwa nusukaputi ili asafishwe meno tu?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kumsafisha mbwa meno akiwa macho ndiko kumhurumia. Ugaga, ule uchafu mgumu ulioganda kwenye meno, unaonekana, kifaa cha kukwangulia kipo. Dawa ya usingizi ya nini? Marekani huduma hiyo ina wateja, na mbwa hurudi nyumbani na meno meupe. Weupe huo ndio ulionipoteza, kwa sababu ugonjwa hauko pale panapong'aa.

Fikiria nguzo ya uzio. Mchwa huila chini ya udongo, mahali jicho halifiki. Unaweza kuisugua sehemu ya juu na kuipaka rangi, kumbe chini limebaki ganda. Kwa jino, ufizi ndio udongo, na mfupa wa taya ndio kifusi kilichoshindiliwa kuishika nguzo. Bakteria hujificha kwenye mfereji mwembamba kati ya jino na ufizi. Kwa mbwa mwenye afya kina chake kwa kawaida hakizidi milimita 3. Kwa paka, milimita 1 hivi. Kina kikiongezeka, mara nyingi mfupa umeanza kuliwa. Kulijua hilo kunataka kupima kuzunguka kila jino, na mbwa mzima ana 42. Kisha ipigwe eksirei, pasafishwe chini ya ufizi, na meno yasuguliwe mpaka yawe laini, maana kukwangua huacha mikwaruzo inayonasa uchafu upya. Aliye macho hatayavumilia hayo, maana yanauma.

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya eksirei za meno yaliyoonekana mazima. Zilifichua matatizo ya maana kwa asilimia 27.8 ya mbwa na 41.7 ya paka. Hao walikuwa wanyama walioletwa kutibiwa meno, kwa hiyo tusiwabebeshe mbwa wote hesabu hiyo.

Nusukaputi nayo ina hatari. Utafiti wa Uingereza wa 2008 ulikuta vifo vinavyohusiana na dawa za usingizi kwa mbwa 1 hivi kati ya 2,000 wenye afya. Kwa wagonjwa hatari ni kubwa zaidi, ndiyo maana hupimwa kwanza. Lakini mnyama aliyelala huwekewa mrija kooni wenye kiputo kinachozuia maji na bakteria wasiingie mapafuni. Kinga hiyo aliye macho hana, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

California imeweka mpaka ulio wazi kabisa: kugusa jino la mnyama kwa kifaa ili kuondoa ugaga ni tiba ya meno, kazi ya daktari wa mifugo au ya msaidizi anayesimamiwa naye. Watu wengine wanaruhusiwa mswaki, pamba, uzi na dawa ya meno. Ukipiga mswaki nyumbani, tumia dawa ya meno ya wanyama; mbwa humeza, na baadhi ya dawa za meno za binadamu zina zailitoli, sukari mbadala ambayo kwake ni sumu.