Maji ya Nakuru Hayaunguzi Kahawa

"Bosi, acha maji yapoe kwanza, utaunguza kahawa." Maneno haya hunifikia kaunta karibu kila siku, mara nyingi kutoka kwa mtu aliyetazama video mbili tatu jana usiku. Kuanzia leo nitamwonyesha ukurasa huu, kisha niendelee kumimina.

Tuanze na huko kuungua. Buni ilitoka kwenye kikaango ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 200. Iliyostahimili hilo haiunguzwi na maji, hata yale ya Mombasa yanayochemka kwenye nyuzi 100. Maji huchota ladha, kukaanga kulishaisha. Na kama kahawa yako ni ile ya unga inayoyeyuka kwenye kikombe, mjadala haukuhusu: ladha ilishachotwa kiwandani.

La kukera zaidi ni kwamba hapa kwetu hizo nyuzi 100 hazipo. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ni kama 96. Eldoret ni 93. Mwalimu wa video anayesema "chemsha, kisha subiri dakika moja" anapigia hesabu mji wa pwani: anataka 100 ishuke hadi 94. Wewe uko mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, na birika lako likipiga mluzi limeshafika pale anapotaka kufika. Ukingoja, unashuka. Maji yakipita kwenye mdomo mwembamba wa birika, yakagusa koni baridi ya kuchujia na kahawa kavu, yanapoteza nyuzi nyingine kadhaa. Mwishowe unachuja kwa maji ya nyuzi 84, halafu unalalamika kwamba kahawa ya Kenya ni chachu mno. SL28, aina ya kahawa yetu ya Kenya, ikikaangwa kidogo ni ngumu kuchotwa. Inataka kila nyuzi uliyo nayo.

Kwa hiyo: gramu 15 za kahawa, gramu 250 za maji, zote kwa mizani, si kwa kijiko. Saga ifanane na mchanga wa ujenzi uliochekechwa. Suuza karatasi ya chujio kwa maji moto ili koni ipate joto, ukamwage hayo maji (wengi husahau, wakanywa karatasi). Rudisha birika motoni lichemke tena, mimina gramu 45, ngoja sekunde 40 hewa itoke, kisha malizia kwa mizunguko miwili au mitatu. Dakika tatu ziwe zimetosha. Ikifika nne, umesaga laini mno, na hapo ndipo uchungu unapotoka, ule unaousingizia maji.

Uchungu una wazazi wengi: kusaga laini, kuchuja muda mrefu, buni iliyokaangwa hadi ikatoa mafuta, na grainda (mashine ya kusagia) ambayo haijafunguliwa ikasafishwa tangu mwezi uliopita. Mafuta ya zamani kwenye meno ya grainda huvunda, na kila kikombe kinayabeba. Ukiingia mkahawa wowote wa mtaani, chungulia pale buni zinapomiminwa juu ya grainda. Plastiki ikiwa na utando wa kahawia, agiza chai.

Mashine ya espreso nayo hupata matatizo ya mwinuko, ila kwa upande wa pili. Ndani ya tangi lake maji yamebanwa, yanaweza kupita 94 bila kuchemka. Weka 96 kwa kufuata kijitabu cha Ulaya, kisha fungua maji bila kahawa: yanatema mvuke kama sufuria ya githeri, kwa sababu joto lililozidi hugeuka mvuke mara tu yanapokutana na hewa yetu. Mimi naweka 93, gramu 18 za kahawa ndani, gramu 36 za kinywaji nje, sekunde 25 hadi 30. Hizo namba zenyewe ni mazoea zaidi ya sheria. Kuna buni zinazopendeza kwa gramu 45 nje.

Sasa nikiri jambo. Ukinifunga macho unipe kikombe cha nyuzi 92 na cha 94, sidhani ningevitofautisha. Chuo Kikuu cha California, Davis, kilichapisha utafiti mwaka 2020 uliolinganisha nyuzi 87, 90 na 93: kikombe kikiwa na nguvu ileile na kiasi kilekile kilichochotwa, joto halikubadilisha ladha kwa kiasi kikubwa. Yaani joto ni nyenzo ya kuchota tu. Na kwa buni nyeusi tii, nakubali, 88 hupunguza uchungu, kwa kuwa huchota kidogo. Hapo subirini dakika yenu.

Ningependa hata nusu ya wanaouliza joto waulize maji yametoka wapi. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi, hilo kila Mnakuru analijua kwa meno, lakini kinachoua kahawa ni bikaboneti. Inameza asidi, na ule ukali wa matunda unaolipia pesa unageuka ladha ya kadibodi. Chujio la mkaa wa mifupa huondoa floraidi, lakini bikaboneti inabaki. Maji ya mtungi yaliyosafishwa hadi yakabaki matupu, bila madini, nayo hutoa kikombe chenye makali yasiyo na mwili. Changanya: anza na sehemu nne za mtungi kwa moja ya kisima, onja, rekebisha.

Kinachoungua kweli kaunta ni maziwa. Yakizidi nyuzi 70 utamu unafifia na harufu ya yai inaingia. 60 hadi 65 yanatosha. Na mteja yuleyule aliyeniamuru nipoze maji ndiye anayerudisha kapuchino, akitaka iwe moto hadi asiweze kuishika.