Bundi hana kosa: yanayosemwa kuhusu wanyama wa mitaani Nakuru, na ukweli wenyewe

Bundi akitua juu ya paa usiku mmoja tu, asubuhi kuna mtu anatafuta mawe ya kumfukuzia. Mbwa asiye na mwenyewe akilala mbele ya kibanda cha mama mboga mwaka mzima, hakuna anayeuliza kama amechanjwa. Hilo ndilo linalonisumbua kuhusu mitaa yetu ya Nakuru. Tunaua wanyama wanaotusaidia, tunawalisha wanaotuharibia, na yule anayeweza kututoa uhai tunampita kila siku bila kumjali.

Tunaishi mahali pasipo kawaida. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na kutoka katikati ya jiji hadi lango la Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru ni mwendo mfupi wa bodaboda. Ndani ya mbuga hiyo ya kilomita mraba 188 kuna vifaru, nyati, simba, chui na fisi. Kaskazini tunaegemea kreta ya Menengai. Mashamba na vichaka vya jana Kiamunyi, Lanet na Barnabas leo ni ploti. Kukutana na wanyama hakuepukiki, kwa hiyo yale tunayoambiana kuwahusu yana uzito.

“Bundi akilia karibu na nyumba, kuna mtu atakufa.”

Bundi hulia kumwita mwenzake au kuwaonya bundi wengine kwamba hapo pana mwenyewe. Basi. Anakuja nyumbani kwa sababu nyumbani kuna panya, na panya wapo kwa sababu ya takataka, banda la kuku na gunia la mahindi lililoachwa wazi. Nafikiri najua imani hii inavyojijenga: nyumba yenye mgonjwa hulala taa ikiwaka na watu wakiwa macho, na walio macho saa nane za usiku ndio wanaomsikia bundi. Mgonjwa akifariki, sauti ile inakumbukwa. Usiku mwingine wote aliolia na asife mtu, hakuna aliyeuhesabu.

Ukitaka kujua kazi anayoifanya, nenda chini ya mti anaolala mchana. Utaona vidonge vya kijivu, virefu kama kidole gumba, vilivyokauka. Si mavi, ni masalio ambayo bundi huyatapika baada ya kumeng'enya nyama. Kipasue kimoja kwa kijiti na ndani utakuta manyoya yaliyoshikana, vijifupa vya miguu, na fuvu dogo lenye meno mawili ya mbele ya rangi ya manjano. Ni panya. Mara nyingine kidonge kimoja kina mafuvu mawili au matatu.

Na kuna jambo halisemwi vya kutosha. Ile dawa ya panya inayouzwa na wachuuzi hata kando ya barabara haiishii kwa panya. Aina nyingi hazimuui papo hapo. Huzurura siku kadhaa akiwa mlegevu, mchana kweupe, na ndiye anayekuwa rahisi kukamatwa. Bundi akimla, naye sumu inampata, vivyo hivyo paka wa jirani. Panya huzaa haraka sana na bundi huzaa polepole, kwa hiyo baada ya miezi michache panya wamerudi na bundi hayupo tena.

“Nyoka hutembea wawili, ukiua mmoja mwenzake atakuja kulipiza.”

Nyoka hawaishi mume na mke, na hawana kisasi. Dume anaweza kufuata harufu ya jike msimu wa kupandana, lakini kwa kawaida nyoka wa pili anaonekana pale pale kwa sababu kilichomleta wa kwanza hakijaondolewa: rundo la mawe ya ujenzi, mbao kuukuu, nyasi ndefu, panya. Wengine hushikilia kwamba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ndilo linaloachilia nyoka vichakani karibu na watu. Nyoka hahitaji kuletwa mahali ambapo amekuwepo tangu kabla ya mabati yetu.

Kumwaga dizeli, mafuta ya taa au vitunguu saumu kuzunguka nyumba hakumzuii. Kufyeka nyasi, kuziba mwanya chini ya mlango, kuondoa marundo na kutembea na tochi usiku ndiyo kinga. Tochi hasa kwa sababu ya kifutu, ambaye wengine humwita moma. Huyu hatoroki ukikaribia. Anategemea rangi yake inayofanana na majani makavu, analala kimya, na anauma akikanyagwa. Watu wengi huumwa mguuni, gizani, wakienda choo cha nje wamevaa ndara.

Si kila nyoka ana sumu ya kumdhuru mtu. Yupo mmoja mwembamba wa rangi ya kahawia anayeingia stoo na hata darini, asiye na sumu kabisa, na kazi yake ni panya. Huyo tunamponda kichwa kwa jembe na kupiga picha. Simwambii mtu amshike nyoka asiyemjua. Namwambia arudi nyuma, awaondoe watoto na apige simu kwa KWS. Wengi huumwa wakijaribu kumuua.

Imani inayoniuma zaidi ni ya jiwe jeusi, lile linalobandikwa kwenye jeraha eti linyonye sumu. Jiwe halinyonyi kitu. Sifa yake limeipata kwa njia moja: nyoka wengi hawana sumu kali, na hata wenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Mtu wa namna hiyo angepona hata angebandikwa kipande cha kiazi. Aliyepigwa sumu kweli anakaa nyumbani na jiwe lake huku mguu ukivimba, na anafika hospitali saa ambazo nyama imeshaanza kuoza. Kufunga kamba kwa nguvu juu ya jeraha nako kunaua mguu, hasa kwa sumu ya kifutu ambayo inaharibu nyama. Kuchanja kwa wembe na kufyonza kwa mdomo kunaongeza vidonda tu.

Linalofaa ni hili: mtulize mgonjwa, mvue pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe, mguu au mkono usisogezwe, ufungwe gango kama uliovunjika, na apelekwe hospitali mara moja. Daktari ndiye anayejua kama dawa ya kupambana na sumu inahitajika. Na swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi safi kwa robo saa au zaidi, kisha nenda hospitali. Si maziwa ya mama, si mkojo, na usiyafikiche macho. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa, na huku kwetu neno “yaliyopuuzwa” ni la kweli kabisa.

Mjusi wa ukutani, yule mweupe tunayemwita mjusi kafiri, hana sumu. Hula mbu, nondo na mende. Kinyesi chake kinaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, kwa hiyo funika chakula, lakini akidondoka kwenye sufuria hajakutilia sumu. Kinyonga naye hana sumu wala mwiba. Anafungua kinywa na kuzomea kwa sababu hana mbio. Watoto humpiga mawe mpaka afe na watu wazima wanatazama, na mimi sioni kwa nini tusimame pale bila kusema neno.

“Mpe ndizi moja, atashiba aende zake.”

Hapa nazungumzia nyani, na wanaokaa mitaa inayopakana na mbuga wataelewa. Ua la umeme linamzuia nyati na kifaru. Nyani hupanda mti ulio kando ya ua na kuruka. Kisha anachagua nyumba yenye dirisha la jikoni lililo wazi, anapitisha mkono mmoja kati ya vyuma, anavuta pakiti ya unga. Anaipasua kwa meno akiwa juu ya ukuta, unga unamwagika kifuani na kumpaka ndevu zote, na anakula huku akikutazama bila haraka yoyote.

Nyani aliyepewa ndizi jana hajashiba, amejifunza. Kesho anarudi, na anarudi na kundi. Baada ya muda haombi tena, ananyang'anya mfuko kutoka kwa mtoto anayetoka dukani. Hapo ndipo anaitwa nyani mkorofi na watu wanadai apigwe risasi, ilhali tulimfundisha sisi wenyewe. Pipa lisilo na kifuniko linafundisha somo lile lile. Makazi yenye takataka zilizofungwa vizuri na madirisha yenye wavu wa chuma, nyani huyapita.

Kuna wanaosema nyani humdharau mwanamke kwa kuzaliwa. Ninavyowaona, wanapima. Wanakumbuka nani huwafukuza na nani hukimbia, na wanaothubutu kuwarushia mawe aghalabu ni wanaume. Mama akisimama imara, akapiga sufuria na kusonga mbele bila kumkazia macho, nyani huhesabu upya. Kumkazia macho ni kumchokoza. Na akifungua kinywa na kuonyesha meno hacheki, anakuonyesha chonge zake. Mwachie njia ya kutokea, usimzingire kwenye kona.

“Kiboko hula nyasi, kwa hiyo hana shida na mtu.”

Nusu ya kwanza ni kweli. Kiboko hutoka majini jioni na kula nyasi kiasi cha kilo 40 kwa usiku. Lakini mla nyasi huyu hukimbia kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, na ukisimama kati yake na maji, au kati yake na mtoto wake, atakupitia. Hakuli, anakuua tu.

Kwetu hili limekuwa jambo la mtaani tangu ziwa lianze kupanda mwaka wa 2010 na baadaye. Maji yalimeza lango kuu la zamani la mbuga, yakafunika sehemu za ua, yakaingia nyumba za watu Mwariki. Mahali palipokuwa na kizingiti cha nyumba pakawa ukingo wa ziwa, na viboko hutumia ukingo. Vijana wanaoingia humo usiku kuvua ngege wanaingia katika saa zake na njia zake. Wengine wamelipa kwa maisha yao.

Nimesikia pia kwamba hakuna haja ya kuripoti kwa sababu hakuna fidia. Fidia ipo katika Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013: shilingi milioni 5 kwa kifo na milioni 3 kwa kilema cha kudumu. Malipo hukawia, tena sana, na familia zina haki ya kulalamika. Hata hivyo, bila taarifa kwa KWS na polisi, na bila karatasi za hospitali, hakuna hata dai la kucheleweshwa.

Ziwa hilo hilo ndilo lililowaondoa heroe, au flamingo kama tunavyowaita hapa. Wapo wanaosema waliuzwa nje, au walikufa wote. Sivyo. Heroe mdogo hula mwani mdogo sana unaostawi kwenye maji ya magadi. Maji ya mvua na mito yalipolizimua ziwa, mwani ulipungua, nao wakahamia Bogoria na maziwa mengine ya magadi. Huja na kuondoka kwa kufuata chakula, na wamekuwa wakifanya hivyo siku zote. Hata kutaga, wengi hutaga Ziwa Natron, Tanzania.

Fisi anayesikika usiku upande wa mbuga si jinsia mbili wala si farasi wa mchawi. Jike ana umbo la nje linalofanana na la dume, tena ni mkubwa kuliko dume na ndiye mtawala. Mengi anayokula ameyawinda mwenyewe.

“Mbwa mwenye kichaa utamjua, anatoka povu.”

Nimemweka huyu mwisho kwa sababu yeye ndiye wa kuogopwa kweli. Karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa duniani, hadi asilimia 99, huletwa na mbwa, na takriban wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto chini ya miaka 15. Virusi huwa kwenye mate siku kadhaa kabla mbwa hajaonyesha dalili yoyote. Mbwa mpole, mbwa mdogo, mbwa wa jirani unayemjua kwa jina, wote wanaweza kuwa navyo. Mwingine hata hawi mkali, ananyamaza, anajificha, anashindwa kumeza.

Jeraha likipakwa mafuta ya taa, pilipili au majivu, ugonjwa hauondoki. Linaloondoa virusi vingi ni maji na sabuni ya kawaida kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo tu, kisha chanjo hospitalini siku hiyo hiyo na kurudi kwa kila sindano inayofuata. Wengi huacha baada ya sindano ya kwanza kwa kuwa kidonda kimepona. Kidonda hakina uhusiano na virusi, ambavyo hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, kwa kawaida wiki kadhaa hadi miezi mitatu. Dalili zikianza, hakuna dawa, karibu kila mgonjwa hufa.

Usimuue mbwa aliyemuuma mtoto kama anaweza kufungiwa. Mfungie aangaliwe siku kumi na daktari wa mifugo aarifiwe, huku mtoto akiwa ameshaanza chanjo. Na chanjo ya mbwa mwenyewe huanza akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Serikali ya kaunti ikitangaza siku ya kuchanja mtaani kwenu, wapeleke hata wale wanaolala nje ya lango bila mwenyewe. Ugonjwa hukatika mbwa 70 katika kila 100 wakiwa wamechanjwa, na katika hesabu hiyo wanaozurura nao wamo.