Ukija hifadhi za pwani ya Tanga, uliza mwezi kwanza, bei baadae

Mie kazi yangu ni kutembeza wageni, kuanzia Tanga mjini, Kigombe, Pangani hadi Saadani kule kusini. Washkaji wananiita "gaidi" kwa utani, kila siku nawaambia jina hilo ipo siku litanifikisha kituoni. Swali la kwanza watu wanalonipigia simu nalo ni "shi ngapi?" na la pili "Jumamosi unayo nafasi?" Ila mtu wa kuniuliza leo mwezi ngapi, yaani mwezi wa angani, huyo bado sijampata, na hilo ndo lilitakiwa liwe swali la kwanza kabisa.

Mfano ni Maziwe. Ni fungu la mchanga nje ya Pangani, zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, miti ikaisha, mchanga ukaendelea kuliwa na mawimbi na sasa hivi siku za bamvua, yaani maji makubwa, maji yakijaa kinamezwa chote, hubaki kitu. Mwaka fulani nilipokea kundi limetoka Dar, familia nzima na bibi yao, boti walishalipia huko walikolipia mi nikaitwa tu niwaongoze. Tukaondoka saa 8 mchana, mwezi 16, yaani siku ya 16 tangu mwezi uandame. Nikasema jamani hapa hatukuti kitu, nikajibiwa ratiba ndo hiyo. Tumefika saa 9, maji matupu. Watoto wanauliza kisiwa kiko wapi, nawaonesha rangi ya maji ilivyo nyepesi pale nawaambia kipo hapo chini. Bibi peke yake ndo alicheka, akasema si mngemuuliza mvuvi yeyote. Na kweli.

Hesabu yenyewe hata haihitaji app. Pwani yetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndo bamvua, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, maji yanakupwa sana na kujaa sana, tofauti inapita mita 3. Katikati yake, mwezi 8 na mwezi 22 hivi, ni maji mafu, hayaendi mbali hayarudi mbali. Sasa kwetu hapa siku ya mwezi mosi au 15 maji yanakupwa kwenye saa 4 asubuhi, ukitaka mwezi 4 ongeza dakika 50 mara tatu, unapata saa 6 na nusu. Ni makadirio, usije ukanidai dakika 10, ila kwa kupanga safari inatosha kabisa. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani kwake ana ratiba ya bahari nzima na hajui.

Ndo maana mi napenda sana watu waanzie ofisi ya hifadhi au kituo cha wageni kabla ya boti, tena wasipite mbio wakapiga selfi na ramani wakatoka. Mtu akiingia kituoni kitu cha kwanza cha kutafuta ni jedwali la maji. Halafu ramani, uone wapi unaruhusiwa kushuka na wapi wanafunga. Halafu mshike yule askari wa zamu umuulize jana kumeonekana nini, maana bango la ukutani limeandikwa miaka hiyo lakini yeye katoka baharini jana.

Na kuna silikanti, samaki wa kale. Hapa ndo wageni wananuna. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, ilitangazwa 2009, ina kilomita za mraba 552, jina kubwa, basi mtu anakuja na miwani yake ya kuzamia anategemea kumuona silikanti mwenyewe. Humuoni ndugu yangu. Mchana anajificha kwenye mapango chini huko, mita mia na zaidi, wewe na pumzi yako moja unaenda mita ngapi? Ukimkuta popote amehifadhiwa kwenye dawa ndani ya kioo, hapo ndo umemuona. Lakini simama umtazame vizuri, usiangalie ukubwa tu. Angalia mapezi, yametoka kwenye vikonyo vya nyama kama miguu mifupi, na akiwa hai anayapeleka kwa kupishana, la kulia na la kushoto, kama mtu anavyotembea. Wataalamu walikuwa wanamjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini alishaisha enzi za dainosaria, mpaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini. Kwetu Tanzania walianza kurekodiwa 2003 na wengi wametoka Tanga, wamenaswa kwenye majarife, nyavu za papa zinazotegwa kina kirefu. Hifadhi imewekwa kwa sababu ya hayo majarife hasa. Mi hii habari naitolea dakika 20 na wengine wanaanza kupiga miayo, sijali.

Kasa ni rahisi zaidi. Wanataga Maziwe bado, ila kwa vile kisiwa kinazama mayai yanahamishiwa Ushongo bara, yasipohamishwa yanaoza kwa maji. Kama siku 55 hadi 60 yanaanguliwa, na ukibahatika kuwepo, zima tochi na flashi, vitoto vinafuata mwanga wa bahari, ukiwasha wewe vinakufuata wewe.

Saadani nako, hifadhi ya taifa tangu 2005, ndo pekee Tanzania inayogusa Bahari ya Hindi. Twiga nyuma ya ufukwe, ndio, ila mi ukiniuliza raha iko kwenye boti Mto Wami, viboko, mamba, na huko nako maji ya bahari yanaingia mtoni kwa hiyo tunarudi kwenye hesabu ileile. Masika usiende na gari ndogo. Udongo mweusi ule ukilowa haukuachii, nimeshalala humo.

Malipo siku hizi ni kontrol namba, usibebe noti ukategemea getini watakupokea, na Mtanzania beba kitambulisho la sivyo utatajiwa bei ya mgeni halafu ulalamike.

Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, wanaosema hivyo nadhani ndo haohao wanaofika saa 9 mchana mwezi 16. Laleni Pangani. Asubuhi mkiona kina mama wanashuka mwambani na vyuma vyao vya pweza ujue maji yanakupwa, na mie hapo utanikuta tayari nasukuma boti, sitasubiri mmalize chai.