Kununua tiara kwenye ukumbi usio na upepo

Watu wanaojua nauza tiara huniuliza kwa nini kila mwaka, baridi ikiwa imekaza, nafunga duka kwenda kwenye maonyesho ya KTAI, chama cha kimataifa cha wafanyabiashara wa tiara, ilhali katalogi zote ziko mtandaoni. Kwanza ni kalenda. Hapa Marekani msimu huanza majira ya kuchipua, na Aprili nzima ni Mwezi wa Kitaifa wa Tiara. Mzigo mwingi hushonwa China, ambako viwanda hufungwa Mwaka Mpya wa Kichina unapoingia, Januari au Februari. Muuzaji wa jumla anataka kujua mapema aagize kiasi gani, kwa hiyo sisi wa rejareja tukiweka oda mwanzoni mwa mwaka hupunguziwa bei, au husogezewa tarehe ya kulipa. Ukizubaa, mzigo unakufikia watoto wameshafungua shule.

La pili ni mkono. Ukumbini hakuna upepo. Tiara zimetundikwa ukutani, taa zinazimulika, na kila moja inapendeza. Usipoishika umenunua rangi tu.

Mimi huanza na delta, ile ya pembetatu, maana ndiyo inayolipa kodi ya duka. Naomba ishushwe, naikunja katikati kufuata uti wake, nalaza bawa juu ya bawa. Ncha zikipishana hata kidogo, angani itavuta upande mmoja na mteja atairudisha. Kisha nachomoa fito mbili za mbele na kuzipinda kwa vidole, moja baada ya nyingine: zote zirudi kwa nguvu ileile. Aliyewahi kutengeneza tiara ya gazeti na chelewa pwani kwetu anajua, kijiti kimoja kikizidi uzito, itazunguka mpaka ijipigize chini. Mwisho natazama pua na ncha za mabawa, ambako ufito hukisukuma kitambaa kila tiara inapoanguka. Nikikuta mshono mmoja tu bila kiraka, hata bei siulizi.

Uzi nao una mambo yake. Tiara za nyuzi mbili, ambazo Mwingereza Peter Powell alizipa umaarufu miaka ya 1970, zinataka uzi wa Dyneema. Haurefuki ukivutwa, tena unateleza, hivyo hata ukiizungusha tiara mara kadhaa na nyuzi zikajisokota, bado inakutii. Ila joto hauliwezi: huyeyuka kwenye selsiasi 150 hivi, na ukisuguana na uzi wa jirani wa Kevlar, unaostahimili joto, ufukweni, umekwisha. Anayefunga nailoni ya kawaida kwenye tiara ya nyuzi mbili ili ashushe bei ananiuzia malalamiko.

Jambo ambalo wanunuzi wapya hawalitazami ni boksi. Usafirishaji hutozwa kwa nafasi pia, si kwa uzito peke yake, na urefu wa ufito ndio unaoamua urefu wa boksi. Ndiyo maana naipenda parafoili, aina aliyoibuni Domina Jalbert miaka ya 1960. Haina ufito hata mmoja. Upepo huingia kwenye vyumba vyake na kuipa umbo. Inakunjwa ikatosha kwenye mkoba, na watalii wanaorudi kwao kwa ndege huichangamkia.

Zipo pia zinazoruka humohumo ukumbini, nyepesi mno: mrushaji anarudi nyuma polepole na mwendo wake ndio upepo. Zinajaza watu. Mimi naagiza chache, kwa sababu mteja wangu wa ufukweni atazivunja kabla ya jioni.

Kabla ya kusaini oda yoyote nauliza kama wanauza fito mojamoja. Tiara isiyovunjika sijaiona. Mwenye kibanda akinijibu kwamba mteja atanunua nyingine, namshukuru, nasogea kibanda kinachofuata.